Jini Huyu, Jini Hili

Harufu ilikuja kwanza, na haikumtisha mtu. Mhariri aliisikia alipofungua mlango wa nyumba baada ya kazi: chuma kilicholoa, kama ufunguo uliokaa kwenye kiganja chenye jasho. Akasingizia bomba. Bomba la jikoni lilikuwa na visa vyake, mwenye nyumba alikuwa na ahadi zake, na kati ya hao wawili sinki lilikuwa likivuja tangu ahamie. Akainama, akapapasa chini yake. Pakavu kama unga.

Akarudi sebuleni akajitupa kwenye kiti cha dirishani, kile ambacho hawakukikalia kwa sababu springi moja ilikuwa imetokeza na inachoma, akanyanyuka papo hapo. Kiti kilikuwa na joto. Jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Joto lile halikuwa lake. Lilikuwa la mtu aliyekaa kitako kwa muda mrefu na kuinuka kwa adabu aliposikia funguo mlangoni.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna," mdogo wake alijibu kutoka chumbani. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu jikoni: "Ametoka sasa hivi."

"Hakuna, au ametoka?"

"Dada nawe! Maswali kama umetumwa na mahakama."

Mhariri akacheka, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu ndivyo walivyozoea kujibizana. Mdogo wake aliitwa Chiriku tangu utotoni. Alianza kusema kabla ya kutembea na hakuwa amenyamaza tangu hapo. Hata usingizini alibishana na watu. Alikuwa na sauti ya kumfanya mtu asahau alichokuja kununua. Kwa sauti hiyo alipata kazi ya kupokea simu katika kampuni ya bima, kampuni ikafunga tawi. Kwa sauti hiyo hiyo alipata mchumba, mchumba akamwacha kwa ujumbe wa simu uliojaa makosa ya tahajia. Mhariri alisema kuachwa kunasameheka, ile tahajia hapana. Mama yao, aliyeishi mbali na ambaye moyo wake haukumruhusu tena kusafiri, alimpeleka Chiriku kwa dada yake na sentensi moja: "Nakukabidhi mzima, nirudishie mzima." Kila jioni alipiga simu kuhakikisha.

Ili asishinde anatazama dari, Chiriku akawa anamsaidia dada yake kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujisifia mbele ya watu waliosoma. Shirika la uchapishaji alikoajiriwa Mhariri liliishi kwa mfululizo mmoja wa riwaya, ulioitwa Kiu. Kulikuwa na Kiu, Kiu ya Mjane, Kiu Arusini, Kiu Ughaibuni, na kuendelea hivyo mpaka kitabu cha kumi na nne, ambacho mwandishi, baada ya kuishiwa na mahali na hali za ndoa, alikiita Kiu Tena. Kila kitabu kilikuwa na jini mnyonya damu, zuri, lenye huzuni na shati lililopigwa pasi. Kilikuwa na mwanamke aliyepaswa kuwa na akili zaidi. Na kilikuwa na maiti katika sura ya kwanza, ambayo muuaji wake alitafutwa kitabu kizima ili ije kugundulika kuwa ni jini lile lile, ila lilikuwa na sababu zake. Wasomaji walilia. Mhariri alikuwa na shahada mbili za lugha, na hakuna hata moja iliyomwandaa kukutana na sentensi "busu lake lilikuwa kaburi lenye asali".

Asali aliiacha. Asali ndiyo watu waliyoifuata. Kilichomshinda ni sarufi.

Katika vitabu vyote, mwandishi, ambaye ofisini walimwita Bibi Kiu akishatoka nje, aliliandika jini lake kama kitu. Jini lilisimama mlangoni. Likamtazama. Likamshika mkono, likamwambia nakupenda. Mtoto wa shule ya msingi anajua kuwa kiumbe chenye uhai huchukua a-, jina lake likae ngeli yoyote litakayo: kiboko amekuja, nyoka ameingia, waziri amesinzia. Ukimpa li- umemgeuza jitu, gogo, debe. Gari la taka nalo huchukua li-, na hakuna mwanamke anayelala akiota kubusiwa na gari la taka.

"Bibi Kiu hataki sarufi yake iguswe," Bosi alikuwa amemwambia alipomkabidhi mswada.

"Hakuna mwandishi anayetaka."

"Huyu hataki zaidi."

Mhariri alikuwa amewasikia waandishi wengi wakiyaita makosa yao mtindo. Akagusa. Haikuwa kazi ya kubonyeza mara moja na kwenda kunywa chai, maana jua nalo ni li-, na dirisha, na kaburi. Ilibidi afuate jini neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa. Lilisimama likawa alisimama. Likambusu likawa akambusu. Jini la kisimani likawa jini wa kisimani. Hili likawa huyu. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyefua mapazia ya nyumba nzima.

Kisha, siku chache kabla ya harufu ile, wakasoma kwa sauti. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kazi: jicho husamehe, sikio halisamehe. Chiriku aliketi upande mmoja wa meza ya kulia na kusoma, Mhariri upande wa pili akifuata na kalamu. Kwa hiyo mdomo wa kwanza kumtamka jini yule kama mtu ulikuwa wa Chiriku, kwa ile sauti.

"Alisimama mlangoni," Chiriku alisoma. "Akamtazama. Akasema: nimengoja sana."

Na hapo akainua macho kuelekea mlangoni, akatabasamu. Mhariri alidhani ni maigizo. Akaweka alama ya vyema pembeni, wakaendelea.

Kwa siku kadhaa baada ya harufu ile, mambo yalikuwa madogo na karibu ya kufurahisha. Chiriku alirudi kuimba bafuni. Alianza kujipaka wanja kukaa nyumbani. Mhariri akirudi alikuta vikombe viwili kwenye sinki, kimoja kimenywewa, kingine kimejaa chai iliyopoa yenye utando mwekundu juu, kama kutu.

"Umekula?"

"Tumekula."

"Wewe na nani?"

"Wewe huwezi kufurahi hata kwa mkopo, Dada?"

Mhariri akajiambia ni jirani, ni fundi wa mabomba, ni yule mpumbavu wa tahajia amerudi. Hata alimtazama shingo Chiriku alipokuwa akisuka nywele, kwa aibu, maana alijua vitabu ndivyo vilivyomharibu. Shingo ilikuwa safi, haina hata alama ya mbu. Lakini mdogo wake alikuwa anapauka. Midomo yake ilipoteza rangi, kucha zikawa kama za mtu aliyetoka kwenye maji, na mara mbili mlango wa duka la dawa unaofunguka wenyewe haukumfungukia hadi dada yake aliposogea.

Daktari akapima damu, akakuta imepungua, akaandika vidonge. Wakati wanatoka alimwambia muuguzi, "Likae pale nje lingoje." Mhariri alidhani anasema faili.

Siku umeme ulipokatika ofisini, alirudi nyumbani mapema. Ilikuwa alasiri nyeupe, ya jua kali, watoto wa ghorofa ya chini wanagombania mpira. Akafungua mlango, na kabla hajatoa ufunguo kwenye kitasa, sauti ya kiume, ya upole, yenye unyevunyevu kidogo, ilimkaribisha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Karibu, Shemeji."

Kwenye kiti cha dirishani palikuwa na shati lililopigwa pasi. Ndani ya shati palikuwa na kitu, kwa sababu shati lilipanda na kushuka, na mikono ilikuwa imewekwa magotini kwa heshima ya mkwe aliyekuja mara ya kwanza. Lakini uso ulikuwa kama neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Kila Mhariri alipojaribu kuutazama macho yake yaliruka, kama yanavyoruka mstari mtu akiwa amechoka kusoma, na akajikuta anatazama pazia, au mkono, au Chiriku, aliyekuwa ameketi sakafuni kando ya kiti na kichwa chake kimeegemea goti lile, macho nusu yamefumba, kama mtu anayesikiliza redio.

"Chiriku." Sauti ya Mhariri ilitoka kidogo. "Hili ni nini? Hili ni nini ndani ya nyumba yangu?"

Shati likainama mbele. Harufu ya chuma ikajaa chumba.

"Huyu, Shemeji," ilisema ile sauti, bila hasira, kama mwalimu. "Si hili. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisahihisha."

"Dada, usimwite hivyo," Chiriku alinong'ona. "Mgeni haitwi hivyo. Ataumia."

Mhariri alishuka ngazi bila kujua amezishuka, akasimama katikati ya watoto na mpira wao na jua likimpiga utosini, na alitaka kupiga kelele lakini hakujua apige kelele gani, maana wezi wana kelele zao na moto una kelele zake, na huyu hakuwa na kelele aliyofundishwa mtu. Kisha akakumbuka kuwa ameshuka peke yake, kwamba huko juu mdogo wake yumo na mlango uko wazi, akapanda tena ngazi zile zile, na alipofika kiti kilikuwa kitupu, mto umebonyea, na Chiriku alikuwa sakafuni amelala fofofo, mwepesi mno alipomnyanyua, mwepesi kama nguo zilizotolewa kwenye kamba.

Hakumwacha peke yake. Alimpigia jirani wa chini, mshona nguo, aje akae naye, akakimbia kwa Bibi Kiu.

Alimkuta barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, wigi limelala mapajani kama paka. Mwanamke mnene, mwenye pete nyingi, asiyeinuka kwa ajili ya mtu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenichezea kitabu. Nimekiona jana, tayari kimeshachapwa, nikakifunga sura ya kwanza tu. Umesoma mpaka wapi?"

"Shahada ya pili."

"Mimi nimefundisha sarufi chuo cha ualimu kabla mama yako hajavunja ungo. Ulidhani sijui kuwa kiumbe huchukua a-?"

"Sasa kwa nini..."

"Kwa sababu sikulitunga. Nililikuta." Bibi Kiu alishusha sauti, akatazama nyuma yake mlangoni. "Nilikuwa mwalimu kijana. Lilikuwa linakuja kukaa kwenye ncha ya kitanda changu, linanibembeleza, linataka nilitaje kama mtu. Nikaandika kitabu. Watu wakilisoma lile, lile, lile, kila nyumba, linabaki lile. Wakianza kusahau, naandika kingine. Ulidhani nimejaza kabati zima kwa kupenda mapenzi? Mimi mapenzi yananichosha. Napigilia misumari."

"Ungesema!"

"Nilisema isiguswe. Ulitaka nimwambie nini zaidi bosi wako, kwamba naogopa? Angecheka mpaka suruali imvuke." Akatoa mguu mmoja kwenye beseni, akausahau hewani. "Nani aliyesoma kwanza kwa mdomo?"

Mhariri akasema, "Mdogo wangu."

"Basi a- hiyo ni ya mdogo wako. Haiokotwi njiani, mwanangu. Mmoja akiipata, mwingine anaikosa."

"Nifanye nini?"

"Mdomo uliompa umnyang'anye. Kitabu kisomwe upya, chote, kwa li-, na sauti ile ile." Alisita, akajigusa midomo. "Umenisikia? Nimesema umnyang'anye, si ulinyang'anye. Hata mimi sasa. Nenda haraka. Kama mwenyewe atakubali."

"Kwa nini asikubali?"

Bibi Kiu alimtazama kwa huruma ambayo hakuwahi kuiweka kitabuni. "Wewe hujawahi kupendwa vizuri, eh?"

Chiriku hakukubali. Alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, na mswada wa zamani mapajani, ule wenye li- zake zote. Mhariri alimbembeleza, akamkemea, akamlilia. Akamtajia mama.

"Unataka nimtukane," Chiriku alisema polepole. Siku hizo maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililofungwa kwa mita. "Yule mwingine aliniacha kwa simu. Huyu ananisikiliza, Dada. Nikisema neno analishika. Hajawahi kuniambia nipunguze kelele."

"Analishika na halirudishi! Hebu jisikilize sauti yako. Iko wapi?"

Chiriku akafungua mdomo ajibu kama zamani, kwa lile jibu lililokuwa tayari siku zote, na jibu halikuwapo. Dada yake aliliona jambo hilo likimfikia usoni. Hapo ndipo Chiriku alipoogopa. Akachukua karatasi kwa mikono miwili.

"Jini," alisoma. "Jini lilisimama mlangoni."

Sebuleni, springi ya kiti ililia.

"Likamtazama. Likasema..."

Kulikuwa na sauti ya kitu kinachoburutwa sakafuni, kizito, kisicho na miguu, na kwa mara ya kwanza tangu harufu ile iingie nyumbani Mhariri alisikia tumaini likimrudia moyoni, akamshika Chiriku bega, akanong'ona, "Endelea, endelea hivyo hivyo, usisimame," na rangi ilikuwa inarudi kweli, ncha za vidole vya Chiriku zilikuwa nyekundu, alikuwa anasoma, mstari baada ya mstari, lilikaa, likanyamaza, likainama, mpaka kile kilichoburutwa kilipofika upande wa pili wa mlango wa chumba na kutulia hapo, chini kabisa, usawa wa ufa, na kutoka kwenye ufa ule ikaja sauti ndogo, iliyovunjika, sauti ya mtu anayelia na hataki ajulikane analia.

"Mpenzi. Unaniita nini?"

Karatasi zilianguka. "Samahani," Chiriku alisema. "Samahani, mpenzi wangu. Dada hakuniambia utasikia."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho lenye sauti. Baada ya hapo midomo ilicheza na hewa ikapita, basi.

Mhariri alikwenda kwa Bosi kuomba kitabu kirudishwe kutoka madukani. Alimkuta anasoma maoni ya wasomaji kwenye simu, uso umemng'aa.

"Sikiliza huyu: 'Safari hii namwona kabisa, kama amekaa nami chumbani.' Na huyu: 'Jana nimesikia jina langu.' Wewe ni hazina! Kirudishwe kwa lipi?"

"Kina kosa."

"Kosa gani?"

Alifungua mdomo aeleze. Kosa ni kwamba hakina kosa. Akaufunga.

"Nenda nyumbani ukapumzike," Bosi alisema kwa wema. "Na lile lidogo lako lenye sauti nzuri, bado linasoma? Liambie asante."

Bosi mwenyewe hakusikia alichosema. Mhariri alimtazama mdomoni muda mrefu, akingoja ajisahihishe, naye akamrudia msomaji wake kwenye simu. Na jioni hiyo mshona nguo, mwanamke mwema, aliyeacha cherehani yake kuja kukaa na mgonjwa, alimnong'oneza pale ngazini: "Limekunywa uji kidogo tu, jirani. Halina nguvu." Mhariri akapita bila kuaga.

Akaleta mganga. Yeye, mwenye shahada mbili, aliyezoea kuwatania waganga kwenye harusi za watu. Alikuwa mtu nadhifu mwenye mkoba wa ngozi na simu mbili, na kusema haki, hakuwa tapeli. Alisimama sebuleni akanusa, akawasha ubani, akazunguka kila pembe. Alipofika kwenye kiti cha dirishani aliinamisha kichwa, akasema, "Habari za jioni, bwana," akaendelea mbele.

"Umeliona?" Mhariri alinong'ona. "Ndilo hilo."

"Lipi?"

"Kwenye kiti!"

"Yule ni mtu, dada. Mimi natoa majini, sitoi watu. Damu inatembea, moyo unapiga, ana kivuli." Akaingia chumbani na chetezo, moshi ukimtangulia, na mlangoni mwa chumba nywele za mikono yake zikasimama. Akarudi nyuma hatua. "Aa. Kumbe. Ndilo hili?" Alikuwa anatazama kitandani. "Hili nitalitoa. Limekaa vibaya, lakini halina nguvu. Shika hapa miguuni kwake nilianze..."

Mhariri alimsukuma mpaka nje ya mlango mkuu, chetezo kikaanguka, makaa yakasambaa ngazini, na mganga akashuka mbio akipiga kelele kwamba hajawahi kuona mtu anayeficha jini chini ya shuka na kulitilia mto.

Alirudi chumbani akapiga magoti kando ya kitanda. Chiriku alikuwa macho. Alikuwa amesikia yote. Machozi yalikuwa yametiririka kuelekea masikioni bila mkono wa kuyafuta.

"Yuko hai," Mhariri alisema, kwa sauti, kwa ukali, kwa nyumba nzima. "Yuko hapa. Anapumua."

"Napumua, Shemeji," ilijibu sauti kutoka sebuleni, imeshiba, haina tena unyevu.

Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayepima barafu kwa mguu. "Amechoka."

"Sijachoka. Asante kwa kuuliza."

Hapo akaelewa kuwa kila a- iliyotamkwa ndani ya nyumba ile sasa ilikuwa na mwenyewe, na ilikwenda kwake moja kwa moja kama mbwa kwa bwana wake. Na kwamba akimtaja mdogo wake kwa a- anamlisha yule, na akimtaja kwa li- anamzika huyu. Na shahada zake mbili zilikuwa zimemfundisha njia zote ambazo lugha humtaja mtu asiyekuwapo kwenye mazungumzo, na hapakuwa na hata moja ya kutumia. Ilibaki moja tu, ya uso kwa uso. Akamshika Chiriku mkono.

"Wewe," alisema. "Wewe, upo. Umelala hapa. Nimekushika. Wewe ni wewe."

Sebuleni kimya. Vidole vyepesi vikambonyeza kidogo kiganjani. Mhariri akasogea karibu zaidi, akaendelea, wewe, wewe, unanisikia, ulizaliwa siku ya mvua, ulimng'ata mkunga, hukuwahi kunyamaza, na kila alipopumzika kupumua vidole vililegea, kwa hiyo akaacha kupumzika.

Simu iliita sebuleni, alikoiacha. Ilikuwa saa ya mama.

Hakuweza kuinuka. Akiuacha mkono, hapana wa kusema wewe. Alisikia kiti kikilia, nyayo zikitembea, nyayo za kweli, zenye visigino, na simu ikapokelewa.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya sebuleni. Ilikuwa sauti ya Chiriku. Ilikuwa na kicheko chake pembeni, na ile haraka yake, na kila kitu.

"Marahaba, mwanangu!" Mama alikuwa analia kwa furaha, simu ilikuwa imewekwa wazi ili chumba kisikie. "Ee, sauti yako imerudi! Nilikuwa silali, mama. Uko mzima?"

"Mzima kabisa, mama."

"Mama!" Mhariri alipiga kelele. "Mama, si yeye! Si..." Na hakuwa na neno la kumalizia.

"Dada yako anasemaje huko? Mwambie asante, mwambie amenirudishia mzima." Mama alisikiliza. Alikuwa na masikio makali tangu zamani. Alikuwa anaweza kumsikia mtoto mwenye homa vyumba viwili mbali. Aliposema tena alikuwa ameshusha sauti, kama mtu asiyetaka kuwatisha watoto wake.

"Na hilo linalopumua huko nyuma," aliuliza, "ni nini?"